Risasi Zisizopimwa

Maiti ya Curtis Haskell ilikutwa ndani ya ukumbi wa shabaha, nyuma tu ya mlango. Uso ulikuwa umeungua, kucha zimekatika. Sponji la kumeza kelele lililofunika kuta lilikuwa limeteketea lote.

Verlin Stroud, mwenye ukumbi, alisimama nje na mikono yake imefungwa bendeji. Alidai alikuwa ofisini, akaona moshi, akaungua akijaribu kumwokoa mfanyakazi wake. Moto, alisema, ameuanzisha yule mwanamke.

Mwanamke mwenyewe, Wanda Kessler, alikuwa tayari mahabusu. Ndiye mteja wa mwisho kufyatua bunduki jioni ile, na kabla ya hapo alimtukana Haskell kaunta kwa kumpimia risasi moja moja kwa sumaku, kana kwamba yeye ni mwizi. Mwendesha mashtaka alitaka kumfungulia kesi ya mauaji siku hiyohiyo. Katika jimbo letu la Ohio, kesi ya namna hiyo ikikukalia vibaya, hutoki.

Inspekta Lorene Tackett hakumpenda Stroud. Na nani alimpenda? Mji mzima ulimchekea kwa woga.

Tackett aliingia ukumbini, akapiga magoti chini ya bamba la chuma linalopokea risasi. Ndoo ya Haskell ilikuwa hapo, imeyeyuka. Ndani yake alikuwa amekusanya baruti isiyoungua, ile inayomwagika mbele ya mitutu na kufagiwa kila jioni. Inspekta alipitisha sumaku juu ya vipande vya risasi. Vikanasa.

Hapo kazi ilianza kunyooka. Risasi ya kawaida ya bunduki ni madini laini ndani ya ganda la shaba. Ikigonga bamba hupondeka. Yenye kiini cha chuma, kwa kasi ile, hubandua chembe za chuma zinazowaka hewani. Hizo ndizo cheche, na ndiyo maana kila boksi hupitishiwa sumaku kaunta. Tackett alizipima risasi za Wanda zilizobaki. Hakuna hata moja iliyonasa.

Akamweka Stroud kitini.

"Risasi za chuma zilipitaje kaunta?"

"Haskell alizembea. Mzembe yule."

"Haskell aliwahi kumrudisha nyumbani hata mchungaji wa kanisa lake, kwa risasi moja tu iliyonasa. Zako anazipima nani?"

"Zangu? Nipimwe kwangu mwenyewe?"

"Kwa hiyo hakuna."

Stroud akamtazama kwa dharau. "Mama, nenda kakamate wezi wa kuku."

Tackett alisoma taarifa ya daktari: vidole vimeungua upande wa ndani tu, viganja vizima.

"Mlango wako unafunguka kwa kusukumwa kuelekea ndani," alisema. "Anayeokoa mtu husukuma. Wewe ulishika kitasa ukavuta. Mtu alikuwa upande wa pili anavuta pia."

Stroud alisukuma kando kikombe chake cha kahawa. Kisha akaanza kusema, kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Mchana ule Haskell aliweka sumaku kwenye boksi la bosi wake mbele ya wateja. Ikanasa, wakacheka. Jioni, wateja walipoondoka, Stroud alimwamuru Haskell aache kufagia asimame nyuma yake atazame, akalimaliza boksi zima kwenye bamba. Cheche zikaangukia ndoo ya baruti, ikalipuka. Moto ukakimbia sakafuni na kupanda kutani. Yeye alitangulia kutoka.

Tackett alinyanyua simu akaamuru Wanda Kessler aachiwe. Chuki yake hakuificha.

"Cheche ni upumbavu," alisema. "Mlango je? Mtu alikuwa hatua moja tu nyuma yako."

Stroud alitazama vidole vyake.

"Nilimsikia anakuja," alisema. "Nikajua akitoka tu, kitu cha kwanza ataniambia, 'Si nilikwambia?'"