Jumamosi, Opal Asijue

Niliuzungusha ule mkanda wa sinema kwa mkono mara ya tatu.

Wendell amemkumbatia Maybelle, nyota wa studio yetu. Usoni bado ana krimu ya keki aliyorushiwa. Watazamaji wangecheka, kisha wangelainika. Mimi nilikuwa nasoma midomo yake.

"Jumamosi, saa nne," midomo ilisema. "Opal asijue."

Opal ni mimi. Na Wendell alikuwa mpenzi wangu wa miaka miwili.

Kitendawili: anaongea mchana kutwa na hakuna anayemsikia. Ni mwigizaji wa sinema zetu za mtaa wa Edendale, kabla hazijapata sauti. Walikuwa wanasema lolote mbele ya kamera, hata matusi, maana maneno ya hadithi yaliandikwa baadaye kwenye kadi za kuonyeshwa kati ya picha. Kazi yangu ilikuwa kukata na kuunga mikanda. Nililelewa na mama kiziwi, kwa hiyo midomo naisoma kama ninyi mnavyosoma gazeti. Pale studio sikuwahi kumwambia mtu, hata Wendell.

Mchana nikamkuta kwenye ngazi, anakula mkate wa nyama.

"Jumamosi twende ufukweni," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. "Jumamosi hii? Nina jino, mpenzi. Linang'olewa."

"Jino gani?"

"Hili la... kushoto."

"Mbona unatafunia kushoto?"

Akauhamishia mkate kulia. "Nilisahau kwamba linauma."

Mtu huyu alikuwa anaanguka kutoka juu ya paa bila kukosea hatua. Kudanganya hajui, nikawaza. Au anajua sana, na hapa ananichekesha tu.

Jumamosi saa nne kasoro nikapiga simu kwenye nyumba aliyopanga Maybelle.

"Ametoka, binti yangu," mwenye nyumba akajibu. "Kafuatwa na yule kijana wa kurushiwa keki. Kavaa suti, kashika maua, anatetemeka kama bwana harusi."

Nilikimbilia studio. Nikapekua kikapu cha vipande nilivyovitupa mpaka nikapata mwisho wa tukio lile. Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, picha baada ya picha. Maybelle alikuwa anajibu: "Nyumbani kwa mama yake?"

Hakusema "mama yako", na aliyekuwa ametajwa ni Opal tu. Basi mama huyo alikuwa wangu. Niliingia kwenye tramu nikiwaza: wanakwenda kumwomba mama anipe habari mbaya kwa niaba yao.

Kwa mama, mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Wendell alikuwa amepiga magoti mbele ya mama. Kando yake Maybelle alikuwa anamwonyesha jinsi ya kuweka vidole kwa lugha ya ishara. Sikujua kwamba kaka yake Maybelle naye ni kiziwi.

Wendell akasema kitu kwa mikono. Mama akatoa macho.

"Mbona ananitazama hivyo?" Wendell akauliza.

"Umemwambia unataka kunipika," nikajibu kutoka mlangoni.

Kuoa ni viganja kushikana, basi. Yeye kwa woga alishika, akageuza, akashika tena, kama mtu anayegeuza chapati, na hiyo ni ishara ya kupika.

"Opal. Umejuaje tuko hapa?"

"Jumamosi, saa nne, Opal asijue."

Maybelle akajiziba mdomo. Wendell akanyanyuka taratibu.

"Unasoma midomo."

"Tangu nina miaka minne."

"Na siku ile niliyomwita mwongozaji nguruwe?"

"Kipande hicho ninacho sandukuni."

"Miaka miwili, Opal. Miaka miwili ulikuwa unanisikiliza, na mimi sijui."

Nilikuja kumfumania, nikafumaniwa mimi. Nikatazama viatu vyangu.

"Nisamehe," nikasema. "Nilidhani unanikimbia."

"Nakukimbia, halafu nakimbilia kwa mama yako?"

"Na jino?"

"Zima. Yote mazima."

Akanishika mkono, akanisogeza mbele ya mama. Akapiga magoti upya. Safari hii viganja vikashikana, vikatulia.

Mama akanijibu mimi kwa mikono, polepole, uso umekauka.

"Anasemaje?" Wendell akanong'ona.

"Anauliza ni kuoa kweli au bado ni kupika. Kama ni kupika, abakiziwe paja."

Wendell akacheka mpaka akaanguka chali, na hilo hakulipanga.

Tulifunga ndoa mwezi wa sita. Mchungaji alipomuuliza kama ananikubali, Wendell akanigeukia, akajibu kwa midomo mitupu.

"Amesema nini?" mchungaji akauliza.

"Amesema ndiyo," nikamjibu.

Alisema zaidi ya hapo. Na hicho, wajukuu zangu, ni kitendawili ambacho sitawapa jibu.