Nafasi ya Salimu

Kila Jumamosi asubuhi Editha alimsaidia mama yake kuanika shuka. Mama alikuwa mhudumu katika nyumba ya wageni ya Mzee Hafidhi, jirani na stendi ya mabasi ya Msamvu, na wawili hao waliishi katika chumba cha uani. Shuka zikishaenea kambani, Editha alichukua mpira wake akapiga danadana kando ya tangi la maji. Alikuwa darasa la saba, na katika timu ya wasichana ya shule yao hakuna aliyemfikia kwa mguu wa kushoto.

Wiki iliyotangulia, polisi na afisa ustawi wa jamii walikuja kuwafundisha wahudumu wa mtaa ule namna ya kuwatambua watu wanaosafirishwa kwa hila ili wakatumikishwe. Editha alikuwa akigawa chai ukumbini, akamsikia Afande Joyce wa dawati la watoto akisema, "Anayewachukua watu haji na kamba mkononi. Huja na ahadi. Mtazameni yule anayefuatana naye. Anaachwa ajisemee? Simu yake anaishika nani?" Mzee Hafidhi alinong'ona kwamba mambo hayo ni ya mahoteli makubwa ya Dar.

Jumamosi hii Editha alikuwa na mpira wake uani aliposikia sauti kutoka dirisha la chumba cha mwisho. "Unacheza vizuri wewe."

Alikuwa mvulana wa rika lake, amesimama nyuma ya nondo za dirisha. Alikuwa amefika jana yake jioni pamoja na mwanaume mwenye suti ya michezo, aliyemwambia Mama kwamba mvulana huyo ni mpwa wake na kwamba wanakwenda msibani Iringa.

"Toka tucheze," Editha alisema.

"Siwezi. Kocha amefunga kwa nje. Ameenda kukata tiketi."

"Kocha? Si mjomba wako?"

Mvulana alisita, kisha furaha ikamshinda. Jina lake ni Salimu, alisema, anatoka Kinole. Kocha alimwona akicheza huko juu mlimani, na sasa anampeleka Afrika Kusini kwenye shule ya mpira. Bibi yake anajua tu kwamba amekuja mjini kwenye majaribio. Simu yake anayo Kocha, asije akaipoteza njiani.

"Niapie hutasema," Salimu aliomba. "Kocha anasema nikitoa siri, nafasi yangu anapewa mwingine."

Editha akaapa.

Hakuwa ameondoka pale Kocha alipotokea kona ya nyumba. Editha alimwamkia, naye akaitikia kwa tabasamu. "Nimekuona jana ukipiga mpira. Mguu huo haupaswi kuozea hapa. Nitakaporudi nitakuchukua na wewe. Ila Mama usimwambie kwanza. Wazazi wakijua mapema huharibu."

Moyo wa Editha ulipaa. Alijiona ndani ya jezi, uwanja umejaa, watu wakiliita jina lake. Aliingia jikoni kumenya viazi, lakini kisu kilikwenda polepole. Kama safari ile ni njema, kwa nini bibi yake Salimu hajui? Na kwa nini Mama asijue? Akikaa kimya, huenda siku moja akacheza Afrika Kusini. Akisema, atakuwa amevunja kiapo na kuizika ndoto yake mwenyewe.

Aliweka kisu chini. "Mama, nimeapa nisiseme, lakini nakwambia."

Akaeleza yote, hata ile ahadi aliyopewa yeye. Mama hakumkemea. Alifuta mikono, akaenda kwa Mzee Hafidhi. Mzee alijikuna kidevu. "Na kama tunamsingizia mgeni wa watu?"

"Tukikosea tutamwomba radhi," Mama alijibu. "Yule mtoto akiondoka tutamwomba radhi nani?"

Mzee akachukua simu, akampigia Afande Joyce.

Walikuwa wamefundishwa wasimkabili mgeni wanayemshuku. Hivyo Kocha alipoagiza chakula kabla ya safari, Mama akamwambia kwa adabu kwamba wali bado haujaiva. Akamletea chai. Editha alikaa jikoni akisikiliza kila gari linalopita.

Afande Joyce alifika na mwenzake, wamevaa nguo za kiraia. Wakasalimia, wakamuuliza Kocha mama yake Salimu anaitwa nani. Mjomba yule hakulijua jina la dada yake. Walipompigia bibi kule Kinole kwa simu ya Salimu, alisema mjukuu wake alipaswa kurudi leo.

Kocha na Salimu walipokuwa wakitolewa kupelekwa kituoni, Salimu alimtazama Editha machozi yakimlengalenga. "Ulikula kiapo," alisema. "Umeniharibia maisha yangu."

Siku nyingi Editha hakuugusa mpira. Mama alimwambia kwamba amefanya sawa, lakini maneno yale yalimkaa kama mwiba.

Baadaye Salimu na bibi yake walishuka mjini kutoa maelezo polisi, wakapitia pale. Polisi walikuwa wamegundua kwamba shule ile ya mpira haipo. Kijana aliyechukuliwa kabla yake alipatikana ng'ambo ya mpaka, akilimishwa shambani bila ujira, hana hata njia ya kuwapigia wazazi wake. Salimu aliyasikia hayo kule polisi, kutoka kinywani mwa kijana mwenyewe, aliyekuwa amerudishwa. Alisimama mbele ya Editha, macho chini.

"Ningekuwa kule," alisema.

Bibi akaushika mkono wa Editha akaung'ang'ania. Mzee Hafidhi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikiri kwamba siku ya mafunzo alisikiliza kwa sikio moja tu.

Afande Joyce, aliyewasindikiza, aliwaketisha watoto wale wawili. "Kutunza siri ya rafiki ni uungwana," alisema. "Lakini mtu mzima akikutaka umfiche mzazi wako jambo, ujue jambo hilo lina kasoro, hata likipambwa vipi. Heri haimkimbii mzazi. Kiapo cha namna hiyo hakikufungi. Mtafute mkubwa unayemwamini, umwambie siku hiyohiyo."

Salimu aliitikia kwa kichwa. Kisha akamuuliza Editha, kwa sauti ya chini, kama anaweza kumfundisha ule mguu wa kushoto kabla basi la Kinole halijaondoka.