Aliyeitikia Kinamasini

Dereva alipozima gari juu ya kilima, mbele ya kituo cha wageni, vyura wa kinamasi kizima wakanyamaza kwa mpigo, kama darasa lililomwona mwalimu mkuu. Na ilikuwa adhuhuri, jua kali, si saa ya jini mwenye adabu zake kuwa kazini.

"Wametuonea haya wageni," mkewe akacheka.

Mke huyo watu walimwita Redio, maana hazimiki. Tangu aolewe hakuwahi kupelekwa matembezi; mumewe safari zake ni lori na lami. Sasa ghafla bwana kasema, "Mama, vaa, nikakuonyeshe maji yaliyopanda mlima." Redio alimtangazia kila jirani mwenye masikio, na wasio nayo akawaeleza kwa mikono.

Ndani ya kituo palikuwa safi: picha za ndege ukutani, darubini dirishani, mabuti ya mpira yamepangwa mlangoni kwa wageni. Sakafu kavu kabisa. Lakini palinuka tope, tope la zamani, kama mtungi uliosahauliwa. Mhudumu, mama mpole, aliwakaribisha kwa sauti ya chini, na upindo wa gauni lake ulikuwa ukidondoka maji.

"Umelowa, dada," Redio akamwambia.

"Nimezoea."

Mhudumu alimtazama Dereva kwa muda, kisha akamtazama Redio kwa huruma.

Wakavaa mabuti, wakashika njia ya mbao iliyokatiza matete. Dereva alitangulia, hageuki, jasho limemlowesha mgongo, na kadiri walivyoingia ndipo ukungu ulivyozidi kushuka, mweupe, mzito, ukalimeza jua, ukalimeza kituo, mpaka Redio akawa haoni ila shati la mumewe, na hasikii ila maji yakifyonza chini ya mbao kama mtu anyonyaye mfupa.

Sauti ikaita kutoka kwenye matete.

"Dereva! Dereva wee!"

Sikio moja la Dereva liliuawa na injini miaka mingi iliyopita. Nyumbani, akiitwa mlangoni, mkewe ndiye huitika. Mdomo wa Redio ukatangulia akili:

"Abee! Tupo huku!"

Kisha baridi ikamtambaa miguuni, ndani ya mabuti makavu, ikapanda vifundoni, magotini, taratibu, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba.

Dereva alipiga magoti, analia na kucheka. "Limeitikiwa! Mungu wangu, limeitikiwa!"

"Baba, ni nini?" Redio akanong'ona.

"Nisamehe. Safari moja nilipita hapa peke yangu, nikajisaidia kwenye chemchemi. Tangu siku hiyo jini lake linaniita, bombani, kwenye rejeta ya lori, hata ndani ya kikombe cha chai. Mganga akasema haliniachi mpaka mtu aitikie badala yangu, papa hapa."

"Ukanifikiria mimi."

"Ni nani mwingine angeniitikia?"

Redio, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa maneno. Alipoyapata yalikuwa machache. "Ungeniambia tu. Ningekuja kwa miguu yangu, tukaliomba radhi wote wawili."

Dereva akampita kando, kwa tahadhari, asimguse hata nguo, akatimua mbio. Redio alimfuata, lakini mabuti yalikuwa yamejaa, kila hatua kama kung'oa kisiki, na alipofika uwanjani gari lilikwisha kuinamia mteremko, dirisha la upande wake limepandishwa.

Mhudumu alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamvua mabuti. Maji yakamwagika sakafuni pamoja na viluwiluwi.

"Atarudi," Redio alisema. "Bwana wangu namjua. Atafika njia panda, moyo utamsuta, atarudi."

Mhudumu hakumbishia. Alimsogezea kiti dirishani, pembeni ya kiti chake, mahali barabara inapoonekana yote mpaka chini.

"Kaa, mdogo wangu," akamwambia. "Mimi nililetwa na dada yangu, tumbo moja."