Darubini Iliyopindua Mtaa

Jumapili ile katika soko la Rastro, Madrid, Amparo alishika darubini kuukuu ya shaba wakati mmoja na mwanamume wa shati la kitani. Hakuna aliyeachia.

"Dada, hiyo inaonyesha watu kichwa chini miguu juu. Ya nini?"

"Hayakuhusu. Lete."

Akachungulia. Kweli, umati mzima ulikuwa umening'inia. Miaka minne Amparo alikuwa akiandika tasnifu kuhusu miwani na darubini katika vitabu vya kale vya Kihispania, na profesa wake, mwenye kuamua nani apate ajira chuoni, alishikilia kwamba mwandishi mmoja wa kale, aliyesimulia mtaa uliopinduka ndani ya darubini, alikuwa anaota tu. Amparo alimweleza yule mwanamume hayo palepale.

"Haoti," alisema Leandro, maana ndilo jina lake, fundi wa kusaga lenzi. "Lenzi mbili zilizobinuka lazima zipindue. Mwandishi wako alichungulia kwa jicho lake."

Mapenzi yakaanza hapo, kwa ubishi na bakuli la konokono wa mchuzi.

Miezi minane baadaye Leandro akapiga simu, sauti kavu. "Nimesoma ile sura ya lenzi katika tasnifu yako. Jina langu liko wapi?"

"Profesa amelifuta. Anasema fundi hanukuliwi."

"Na wewe ukanyamaza."

"Mpenzi, nisikilize..."

Simu ikakatika. Kilichomuuma Amparo ni kwamba Leandro alikuwa na haki. Akamwandikia: njoo kwenye utetezi wa tasnifu yangu, hata ukiwa na hasira.

Siku ya utetezi alivaa gauni jekundu alilokatazwa na profesa. Mwenyekiti wa jopo akauliza, "Hoja ya lenzi umeitoa kitabu gani?"

"Hakuna kitabu. Nilifundishwa na Leandro Bermejo, yule pale nyuma. Jina lake lilifutwa, nikakubali kwa woga. Leo nalirudisha."

"Fundi si marejeo, binti," akasema mwenyekiti. "Utaikosa sifa ya juu, na ajira pia."

"Ninyimeni."

Wakamnyima. Akatoka na udaktari mtupu, bila sifa wala ajira. Kwa desturi ya huko, daktari mpya huwapeleka wanajopo chakula cha mchana, nao walikuwa wakimsubiri mlangoni, makoti mkononi. Akawapita, akamwendea Leandro.

"Wazee wako wana njaa," Leandro akamwambia.

"Wakale kwao."

"Na kazi imekwenda, laazizi."

"Najua. Nimeshaililia chooni asubuhi. Sasa nioe, au nikuoe mimi, vyovyote."

"Mbele yao hawa?"

"Hasa mbele yao."

"Haya, nimekubali," akasema Leandro, kwa sauti ya kufika mlangoni.