Kidole cha Volasoa

Jirani yetu Soafara aliuza vitumbua vya mchele kwenye lango la hifadhi kwa miaka mingi, lakini hakuwahi kuingia ndani. Kila asubuhi aliwaona wageni wakivuka mto Manambolo kwenda kwenye tsingy, yale mawe ya chokaa yaliyochongoka kama sindano hadi macho yanapokomea. Kila jioni aliwaona wakirudi na magoti yaliyochunika.

"Mawe nayaona hata hapa," alizoea kusema. "Ya huko yana nini? Yanaimba?"

Binti yake wa pekee, Volasoa, alipopata kazi ya kuongoza wageni, aliapa kwamba mgeni wake wa kwanza atakuwa mama yake. Hivyo asubuhi moja ya kiangazi Soafara alifunika chungu chake cha unga, akavaa viatu vya kuazima, akatoka. Kaka yake, Mahatana, aliyekuwa kiongozi wa siku nyingi, alikuwa anawapeleka wageni wake wawili, mume na mke, wakaenda wote pamoja.

"Dada, kule kuna ufa mwembamba," alisema Mahatana. "Ukikwama, tutakupaka mafuta ya vitumbua tukutelezeshe."

"Kwanza lipa vile ulivyokula jana."

Volasoa alicheka mpaka akashika mbavu. Walipofika penye mawe ya kwanza alinyamaza, akamgeukia mama yake. "Mwiko wa hapa unaujua, Mama."

"Unanifundisha mimi? Nani alikufunga kidole?"

Kwao, ndani ya mawe yale hakuna anayeonyesha kitu kwa kidole kilichonyooka. Mapangoni juu mna mifupa ya watu wa kwanza, nao hawapendi kunyooshewa kidole. Unakunja kidole, unaonyesha kwa kifundo. Volasoa alipokuwa mdogo alikuwa mkaidi, basi Soafara akamkunja kidole cha shahada na kukifunga kwa uzi wa rafia, kwa fundo alilofundishwa na bibi yake. Mtoto alishinda hivyo kutwa nzima, akila wali kwa mkono wa pili. Tangu siku hiyo hakusahau tena.

Njia ilipita chini ya kuta nyeupe. Soafara alishangaa kama mtoto. Aliona miti iliyoota juu ya jiwe tupu, mizizi yake ikishuka kama nywele. Aliona sifaka, wale wanyama weupe kama kima, wenye uso mweusi, ambao hawapatikani popote ila Bukini, kisiwa chetu. Walikuwa wakiruka kutoka ncha hadi ncha bila kujikata. Mmoja alikuwa amebeba mwana mgongoni.

Kwenye ufa mwembamba Soafara hakupenya. Walicheka sana. Volasoa akapita peke yake, akapanda ngazi ya chuma upande wa pili, akatokea juu kabisa, kati ya sifaka, jua likimwangaza. Alipunga mkono.

Mgeni mwanamke akauliza, "Ni nani yule binti?"

Soafara alijaa furaha moyoni. Mkono wake ukainuka wenyewe.

"Yule pale," akasema. "Yule ni mwanangu."

Kidole chake kilikuwa kimenyooka kabisa.

Sifaka wote wakageuza nyuso. Hawakumtazama Volasoa. Walikitazama kile kidole.

"Kunja!" Mahatana alimrukia, akaukunja mkono wake kwa nguvu. "Kunja, dada, kunja!"

Walipotazama tena juu, hapakuwa na mtu.

Wakangoja. Ndege hawakulia. Ndani ya ufa kukasikika mkwaruzo, kama mtu anayekokota gunia. Kisha Volasoa akatoka. Alikuwa mzima, nguo zake zilezile, kovu lake lilelile kidevuni. Soafara alimkumbatia.

Alinukia jiwe lililolowa. Na kiangazi hicho mvua ilikuwa haijanyesha.

Njia nzima Volasoa alitembea nyuma yao bila neno. Nyumbani Soafara alimpakulia wali na samaki, akammiminia maji ya moto yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, kinywaji alichokipenda tangu utotoni. Hakugusa. Alikaa akiutazama ukuta.

"Umechoka, mwanangu. Hebu nikunawishe. Sabuni umeiweka wapi?"

Volasoa aliinua mkono.

"Pale."

Kidole kilikuwa kimenyooka.

Soafara alikaa kitako taratibu. Aliuchukua mkono ule, akaupapasa. Ulikuwa baridi. Alijaribu kukikunja kidole kama zamani, kwa upole, kisha kwa nguvu. Hakikukunjika.

Jua lilipoanza kushuka, Mahatana alikuja, akasimama mlangoni. Alimwita dada yake nje, akanong'ona.

"Wenye mawe huchukua unachowaonyesha. Wanakurudishia mfano wake."

"Huyu ni mwanangu. Ana kovu lake."

"Mfano hukosa nini, dada? Mpeleke kwenye ufa kabla jua halijaondoka kwenye ncha. Mwachie mkono. Akiingia yeye, atatoka wako."

"Na kama ndiye?"

Mahatana alizitazama ncha za mawe ng'ambo ya mto, kupima jua.

"Kaka, nakuuliza. Kama ndiye wangu, ameshikwa na baridi tu, ameogopa?"

"Basi utakuwa umemsukuma mwenyewe," alisema.

Soafara alirudi ndani. Alimvisha binti yake sweta, akafunga vifungo kimoja kimoja kama siku za shule. Alitaka kumwambia kwamba wanakwenda kutembea, lakini uongo huo haukutoka kinywani. Alimshika mkono tu.

Mahatana aliwavusha mto kwa mtumbwi. Chini ya kuta palikuwa pameshaingia giza, ila juu kabisa ncha zilikuwa bado zina rangi ya dhahabu. Sifaka walikuwa wamekaa wamejipanga, kimya, kama watu msibani.

Walifika kwenye ufa.

"Mwachie," alinong'ona Mahatana.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Ilikuwa ndogo, imekauka kwa kulia.

"Mama? Mbona umechelewa?"

Soafara alishtuka. Ilikuwa sauti ya Volasoa.

Na yule aliyekuwa kando yake akamgeukia. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mama," alisema kwa sauti ileile. "Usiniache. Naogopa."

"Mama, huku giza."

"Mama, ni mimi."

Soafara aliutazama ule ufa. Akautazama ule uso. Alikuwa ameuosha uso ule tangu siku ulipokuja duniani. Alijua la kufanya. Alilegeza kidole kimoja, halafu cha pili.

"Dada, jua!"

Alilegeza cha tatu. Yule binti akaanza kulia kwa kwikwi, jinsi Volasoa alivyolia akiwa mdogo, akivuta pumzi katikati.

Mkono wa Soafara ukajifunga tena wenyewe.

"Siwezi," alisema. "Anakufa kwa baridi. Mwanangu, siwezi."

Dhahabu ikazimika juu ya ncha.

Ndani ya ufa ile sauti ilisema "Ma—" ikakatika.

Na ule mkono ukawa mzito. Soafara alitazama kando yake. Hapakuwa na mtu. Sweta lilikuwa chini, vifungo vyote vimefungwa. Ndani ya kiganja chake, alichokuwa amekibana kwa nguvu zake zote, mlikuwa na kipande cha chokaa, chembamba, kirefu, kimenyooka kama kidole.

Watu walitafuta ndani ya ule ufa kwa kamba na taa hadi mvua zikafunga njia. Hawakupata hata kiatu.

Soafara hakurudi tena langoni. Alikaa nyumbani na lile jiwe. Alilifunga kwa uzi wa rafia, kwa fundo la bibi yake, akaliweka kwenye mto wa kulalia, upande aliokuwa akilala binti yake. Kila jioni alilichukua, akalibonyeza kidogo katikati, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

"Kunja, mama," alilinong'oneza. "Kunja, wasikuone."

Tulimwonea huruma. Wapo waliosema akili imemtoka. Mahatana alikuwa akija kumletea samaki, anakaa naye kidogo, anaondoka bila kulitazama lile jiwe.

Mvua zilipokwisha, asubuhi moja Soafara alituita kwa sauti ndogo. Tulimkuta ameketi kitandani, machozi yanamtoka, viganja vyake wazi. Mahatana alilichukua jiwe, akaligeuza, akalipapasa kutafuta ufa au mahali lilipovunjika. Hapakuwapo. Uzi ulikuwa ungali umefungwa, fundo ni lilelile.

Lakini jiwe lilikuwa limejikunja.