Gari la Milango Miwili

Cheka. Cheka tu, baba, meno unayo. Nimekuona ulivyobana midomo niliposema neno jini, ukajifanya unakohoa. Vijana mnaamini kila upuuzi mnaotumiana kwenye simu, lakini mtu mzima akikaa karibu yenu akawaeleza alichokiona kwa macho yake mawili, mnatazama saa. Haya. Kaa hapo hapo kwenye kiti cha dereva, kiti ambacho umeshakisogeza nyuma kama chako, na mimi niko hapa kando yako. Umekuja kununua gari, nami sikuuzii kabla sijakwambia kilichomo ndani. Ukiona maneno yangu yana ukweli, fungua mlango wako ushuke, uende zako. Sitakuita. Hilo nalisema mapema, usije ukasema hukuambiwa.

Gari hili ni la mtoto wa kaka yangu. Ni fundi umeme wa magari, mtaani wanamwita Waya. Nimemlea mimi tangu hajui kufunga kamba za viatu. Juu ya kitanda chake alibandika picha ya gari la namna hii hii: la Kijapani, la michezo, la zamani, milango miwili, pua ndefu kama ya mbwa wa kuwinda, na hizo taa zinazolala ndani ya boneti mpaka uziwashe ndipo ziinuke, kama mtu anayefumbua macho. Wenzake waliota kujenga, yeye akaota hili. Akakua, akaoa, mkewe akashika mimba, na bado anaota hili.

Akalipata kwa daktari wa meno, limefunikwa turubai nyuma ya kliniki. Daktari akamketisha hapo ulipoketi wewe, naye akakaa hapa nilipo, akamwambia bila kuzunguka, "Ndani ya gari hili kuna jini. Mwanamke. Hapendi kukaa peke yake."

Waya alicheka mpaka akajipiga paja. "Daktari, mimi nimefumua magari tangu sijaota ndevu. Nimekuta panya, nimekuta nyoka, nimekuta hata meno ya bandia, labda ni ya wagonjwa wako. Jini bado."

"Kwa hiyo huamini?"

"Nikimkuta nitamwomba anishikie tochi."

Daktari akashuka, akaufunga mlango, akaondoka mbio, koti lake jeupe likipepea. Waya alitusimulia hayo sebuleni kama kichekesho, na mkewe akacheka naye. Mimi niliuliza tu: mtu gani anakimbia kitu alichokiuza?

Wanasema mimi nina mdomo. Sawa.

Mambo yalianza na sauti. Baadhi ya magari haya ya zamani yalikuwa yanaongea, ulilijua hilo? Ukiacha mlango haujafunga vizuri, mwanamke wa Kijapani anakwambia kwa lugha yao, kwa adabu, kwamba mlango uko wazi. Waya alifurahi kama aliyezawadiwa. Mkewe akasimama barazani, mikono kiunoni. "Ndiyo umeniletea mke mwenza?"

"Anasema mlango uko wazi, mke wangu."

"Mbona yote miwili imefungwa?"

Waya akaifungua, akaibamiza. Mwanamke akasema tena. Akapima swichi za milango, nzima. Akapima waya mmoja mmoja, mizima. Mwishoe akakichomoa kisanduku chenyewe cha sauti, kidogo kama kibiriti, ndani yake kuna kisahani cha plastiki kama cha mwanasesere anayelia. Akakiweka mezani kati ya vikombe vyetu, akasema, "Aongee sasa." Tukanywa chai tukikitazama. Kisanduku kilinyamaza. Nje, ndani ya gari lisilokuwa na mtu wala kisanduku, sauti ikasema mlango uko wazi.

Na safari hii ilisema kwa Kiswahili.

Unauliza betri lina hali gani. Betri ni zima, baba. Waya alilitoa akalipeleka gereji kwake, na gari liliendelea kuongea bila betri, kwa hiyo utapata betri ambalo halijachoka. Nasikia unacheka tena. Kumbe mzaha wangu ndio unaousikia, mengine yanakupita.

Baada ya sauti ikaja harufu. Hii hapa, vuta pumzi. Si ngozi ya viti. Ni nywele zilizolowa, nywele nyingi, zilizofungwa mbichi zikakaa bila kuona jua. Mkewe aliosha mazulia kwa sabuni ya unga, akaanika viti juani, na jioni kiti hiki nilichokalia kilikuwa kimelowa mgongoni, umbo la mtu, mabega yanaonekana. Waya alipaona akapagusa, akanusa kidole. Lakini hakuliacha gari. Alianza kunywea chai humu, akahamishia chakula chake humu, mkewe akimwita anajibu, "Nakuja," na haji, mpaka siku moja ya mvua mchana nikatoka mwenyewe na khanga kichwani kumfokea.

"Wewe! Mkeo ana miguu imevimba, na wewe umejifungia kwenye bati! Shuka!"

Akanitazama. Macho yake, kijana, yalikuwa ya mtu aliyepotea mjini na haoni aibu tena kuuliza njia. Akaninong'oneza, "Shangazi, nashuka. Nashuka kila mara. Nikishuka, naingia."

Sikuelewa, nikamwambia aache ujinga. Basi akafungua mlango huo wako, akatoa mguu, akasimama kwenye mvua mbele yangu, nikamshika mkono, mkono wa baridi, na tukatembea wote wawili kuelekea barazani, mkewe akitungoja na taulo, nikahisi kabisa vidole vyake ndani ya vyangu, nikaona matone ya mvua kwenye nyusi zake, na alipoinua mguu wake kupanda kizingiti cha nyumba yake nikasikia mlango wa gari ukibamizwa nyuma yetu, nikageuka, naye ameketi kwenye kiti cha dereva, nguo kavu, mikono kwenye usukani, na mimi nimeshika hewa, na mkewe kule barazani amejiziba mdomo kwa taulo. Na sauti ikasema, sauti ya mkewe hasa, ile ile anayomwitia chakula, "Mlango uko wazi, Waya. Kwa nini hushuki?"

Tukaita mganga. Alikuja na mkoba na majivuno, akakaa hapa kando, akauliza kwa ukali, "Wewe ni nani na unataka nini?" Taa zikainuka kwenye boneti, mchana kweupe, gari halina betri. Polepole, moja kwanza, halafu ya pili. Mganga akatoka akiwa ameacha mkoba. "Mama," akaniambia, "huyu hafukuzwi. Mtafuteni aliyewauzia. Yeye alitokaje?"

Hayo ndiyo maneno pekee ya maana aliyosema siku ile, nami nikayashika.

Nikaenda kliniki. Daktari wa meno alikuwa ameinama juu ya mgonjwa, vidole ndani ya kinywa cha mtu, aliponiona akajua.

"Nilimwambia, mama. Nilimwambia kila kitu."

"Mbwa wewe."

"Mimi pia niliambiwa, nikacheka." Akanivuta pembeni, mgonjwa kaachama anatusikiliza. "Akiingia mwingine, akaambiwa yote bila kufichwa, akacheka, jini anambakiza huyo na kumwachia aliye ndani. Lakini lazima aambiwe. Na akiamini, hamtaki. Anayeamini, mlango wake bado unafunguka."

"Na mtu akicheka?"

"Akicheka, mama, unashuka tu na kumfungia. Mwanzoni anatoka na kuingia kama kawaida, jini humvuta kidogo kidogo."

Nilimwita majina ambayo shule ya msingi haikunifundisha. Kisha nikarudi nyumbani, nikamkuta mke wa Waya ameketi kwenye kiti kando ya gari, ameegemeza tumbo lake kwenye mlango, anamsomea Waya kupitia dirishani majina aliyoyafikiria ya mtoto, na Waya ndani anatikisa kichwa, hili hapana, hili hapana, hili zuri, na kila jina akilitamka yeye sauti inalirudia kutoka kwenye kiti cha pembeni, taratibu, kama mtu anayejifunza kuita. Hapo ndipo nilipoweka tangazo. Sina la kujitetea na wala sikuombi unielewe. Mtoto yule hazaliwi kuitwa na huyo.

Waliokuja kabla yako waliamini. Mmoja alishuka hata sijafika kwenye betri, akasahau kofia yake. Nilimheshimu.

Sasa wewe. Unauliza lile rundo la nguo kwenye kiti cha nyuma, chini ya turubai, litaondolewa? Litaondolewa. Si nguo, baba. Ni Waya. Kiti cha mbele tumempisha mnunuzi, naye amejikunja huko nyuma akisikiliza kila neno, na hivi unavyoona turubai linapanda na kushuka ni pumzi zake. Umegeuka, umeona, na bado umetabasamu. Unadhani familia nzima tumekaa kukupangia mchezo ili ulikatae gari. Umesikia hiyo? Imesema mlango uko wazi. Kweli uko wazi, mkono wako uko karibu na kitasa. Nakuuliza, nami siulizi tena: unaamini au huamini?

Umecheka. Tena kwa raha kabisa, umejipiga paja.

Haya, baba. Magari ya milango miwili yana shida moja: aliye nyuma hatoki mpaka wa mbele ashuke. Acha nishuke, magoti yangu hayapendi haraka. Nashika kiti hiki, nakilaza mbele. Waya, mwanangu, toka. Inamisha kichwa. Miguu imesahau, najua, iburute hivyo hivyo. Mkwe wangu, njoo, mshike upande wa pili, usilie sasa, utalia ndani. Waya, umepanda kizingiti? Umepanda. Bado nakuona.

Wewe kijana, mbona umeacha kucheka? Nilikwambia mapema. Mimi naingia ndani. Kwanza niufunge huu mlango.