Nilimficha Mke Wangu Swichi ya Landrova

Nina miaka arobaini na sita. Ni mkulima wa mpunga, naishi nje kidogo ya Usevya, sehemu ambayo mvua ikikolea, njia yote inakuwa tope la kumeza baiskeli. Wasomaji wenzangu, najua mtanihukumu, na mna haki. Mimi mwenyewe nilishajihukumu zamani, na kifungo changu natumikia kila siku kuanzia saa nne asubuhi...

Baba alipofariki aliniachia Landrova. Ni ya kijani, ya zamani kuliko mimi, aliyoinunua kwa mapadri ilipochoka. Aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Tulipokuwa wadogo, kumwaga maji ya kunywa ilikuwa kosa, lakini kuegemea Landrova ilikuwa fimbo! Siku za mwisho alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hii usije ukaiacha iondoke." Hakusema neno la ng'ombe wala la shamba. Alisema la gari.

Ukoo wetu na ukoo wa jirani yangu Kashindye ni watani tangu enzi za mababu. Mnajua utani wa kwetu ulivyo. Mtani anaweza kula chakula chako, kukutukana mbele ya wakwe, hata kulala ndani ya kaburi lako kabla hujazikwa, na hutakiwi kununa. Siku ya kumzika baba, Kashindye na wenzake waliisukuma ile Landrova, wakaenda kuificha nyuma ya ghala la mpunga, wakagoma kuitoa mpaka wapewe jogoo. Watu walicheka hadi waliokuwa wanalia. Mimi sikucheka. Nilitoa jogoo huku moyo unachemka, kwa sababu niliona jinsi ilivyo rahisi kuiondoa.

Miezi michache baadaye kikaja kisa cha kweli. Kijiji cha pili, mzee mmoja aliibiwa Landrova kama yangu. Ilikutwa porini haina injini. Watu wenye pesa zao mijini wanazitafuta sana hizi za zamani, na wezi wanajua. Tangu siku ile usingizi ulinipungua. Nikaenda Mpanda mjini kwa fundi umeme wa magari, nikamwambia nataka ufunguo pekee usitoshe kuiwasha.

Fundi alifunga swichi ya siri ndani ya boksi la spana, chini ya kiti cha abiria, nyuma ya jeki. Ukiizima, stata inazunguka vizuri tu, lakini moto haufiki kwenye injini. Mwizi atazungusha mpaka betri ife! Mimi nikaona haitoshi. Nikamwomba afunge na nyingine ya uongo, chini ya dashibodi, isiyofanya kazi yoyote. Atakayeipata ajione kashinda, kumbe kapigwa chenga.

Nilipokuwa naondoka fundi aliniambia, "Mzee, mtu mmoja nyumbani ajue. Siri ya gari isiwe ya mtu mmoja." Nikaitikia kwa kichwa. Ee Mungu wangu, kwa nini niliitikia kwa kichwa tu?

Mke wangu aliitwa Veronika. Tulikaa miaka minane bila mtoto, ndugu zangu wakamsema, na mimi sikumwacha. Naandika hili mjue kwamba nilimpenda. Aliniomba mara moja, "Baba, si unionyeshe na mimi hiyo swichi?" Nikamjibu kwamba yeye hajui kuendesha, ya nini? Lakini sababu haikuwa hiyo. Veronika alikuwa mtu wa kucheka, na Kashindye alikuwa anamwita shemeji na kula ugali jikoni kwake. Niliona siri yangu ingetoka na mboga.

Maana mimi mwenyewe nilishajigamba kwamba gari lina swichi ya siri, na Kashindye alishatangaza kijiji kizima kwamba ataiwasha Landrova kabla ya mavuno. Tukawekeana dau la beberu. Akianza visa vyake, hashikiki! Siku moja alinipigia simu niko mashineni kukoboa mpunga: "Mtani, nyumba yako inaungua! Niambie swichi niitoe gari!" Nikatupa magunia nikakimbia. Nilimkuta amekaa kwenye boneti anatafuna karanga.

Mara ya pili Veronika alikuwa na mimba ya miezi sita. Ndiyo, Mungu alikuwa ametukumbuka. Kashindye akapiga tena, anahema: "Mtani, shemeji uchungu umemshika! Swichi iko wapi?" Nyuma yake nikasikia mwanamke anagumia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja... mara yule mwanamke akashindwa kujizuia, akacheka. Alikuwa Veronika mwenyewe! Nilirudi nyumbani nimenuna, wao wakanicheka mpaka ugali ukapoa.

Nikaapa hawatanipata tena. Hiyo ndiyo mimi, wasomaji. Nikiapa, nimeapa.

Masika yalipokolea nilikwenda Ikola, ziwani, kuchukua dagaa wa kuuza. Landrova sikuichukua, niliogopa mawe ya ile njia yangeivunja. Nilipanda basi. Tumbo la Veronika lilikuwa na wiki nne mbele yake kwa hesabu ya kliniki, nami nilikuwa wa siku tatu tu. Ufunguo nilimwachia. Alinisindikiza hadi kwenye Landrova, akaipiga piga mlango, akasema, "Nenda, nitakulindia mke mwenzangu."

Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilikuwa nimechuchumaa kwenye mchanga wa Ikola nachagua dagaa. Jua kali, hakuna hata wingu. Simu ikaita. Kashindye!

"Mtani, gari haiwaki! Shemeji amejifungua, damu haikati. Sema umeweka nini!"

Nikasimama. Nilikuwa karibu kuitaja, siwezi kukataa. Halafu nikasikia mtoto mchanga analia nyuma yake... Na hapo, wasomaji wenzangu, nikatabasamu. Mimba si bado mwezi mzima? Mtoto ametoka wapi? Nikamwona Kashindye kabisa akilini mwangu, amekwenda kuazima kichanga cha watu kwa ajili ya beberu!

Nikasikia na sauti ya mwanamke, ya chini sana, inasema, "Mwambie aseme tu..." Niliitambua. Ilikuwa ya Veronika. Nikajisemea, leo hata kuigiza wameboresha.

"Umenikosa, mtani!" nikamwambia. "Safari hii hadi mtoto umeazima!" Nikacheka, nikakata. Akapiga tena. Akapiga tena. Nikazima simu, nikawahadithia wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Nao wakacheka.

Niliiwasha saa kumi jioni. Kulikuwa na ujumbe wa mwenyekiti wetu wa kitongoji, mtu mzima asiyejua utani: "Rudi nyumbani. Veronika ametutoka."

Njia nzima ya kurudi siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba dagaa niliwaacha mchangani, na kwamba ndani ya basi nilikuwa najiambia labda na mwenyekiti wamemwingiza kwenye mchezo. Niliomba Mungu iwe utani! Niliahidi nitatoa mabeberu kumi!

Nilifika kesho yake mchana. Kabla ya nyumba niliona Landrova. Haikuwa pale nilipoiacha. Ilikuwa bondeni, hatua kama mia mbili kutoka nyumbani, magurudumu yamezama, boneti wazi. Na huku nyuma, kwenye ile rangi ya kijani aliyoipenda baba, kulikuwa na viganja vya matope. Vingi! Vikubwa vya wanaume, vyembamba vya wanawake, na vidogo vya watoto kwa chini. Kijiji kizima kilisukuma gari langu.

Jirani yetu Mama Shija, aliyemzalisha, ndiye aliyenisimulia. Uchungu ulikuja kabla ya wakati, mtoto akatoka salama, lakini damu ikagoma. Nesi wa zahanati akasema kwa simu awahishwe hospitali upesi. Bodaboda mbili zilikuja zikanasa kwenye tope, na Veronika hakuweza hata kukaa. Ni Landrova tu ingepita. Wakamlaza ndani yake. Kashindye akapekua chini ya dashibodi, akaipata ile swichi ya uongo, akaibonyeza, na watu wakapiga vigelegele... Stata ikazunguka, moto hakuna. Wakazungusha mpaka betri ikafa. Wakasukuma wakidhani itashika kwenye mteremko. Mwishowe wakaleta mkokoteni wa ng'ombe. Veronika hakufika barabara kubwa.

Nilimuuliza Mama Shija walimlaza wapi ndani ya gari. Akanionyesha. Ni kile kiti cha mbele cha abiria, kanga yake ilikuwa bado pale. Swichi ilikuwa chini yake. Mke wangu alilala juu ya uhai wake, akafa kwa sababu mimi sikutaka kushindwa beberu.

Siku ya mazishi nilisubiri watani. Kwa desturi wangekuja kuigiza jinsi marehemu alivyokuwa anacheka, wangezuia jeneza mpaka walipwe. Hawakufanya lolote. Walichimba kaburi kimya, wakafukia kimya. Tulipokuwa tunatawanyika Kashindye alinisogelea. Macho yalikuwa mekundu, mikono ina malengelenge. Hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniambia, mtani. Beberu ningekuachia."

Tangu hapo ni miaka minne, na hajanitania tena hata mara moja. Ananiamkia, ananisaidia kuvuna, anamletea mtoto mahindi ya kuchoma. Lakini utani wa mababu zetu uliishia kwangu. Mtu akikuogopa kukutania, ujue amekuona ulivyo.

Viganja sikuvifuta. Mvua ndiyo iliviosha, lakini mimi naviona. Nikipita nyuma ya gari nazunguka mbali. Na kila siku ikifika saa nne asubuhi nasikia stata inazunguka, inazunguka, inachoka. Natoka nje kuangalia. Gari limetulia pale pale, betri nilishaitoa. Majirani wananiona nimesimama uani, wanageukia kazi zao.

Swichi nimeing'oa. Nawaomba wasomaji wenzangu, lindeni mali zenu, sikatai, wezi wapo. Lakini siri ya mlango usimfiche uliyelala naye ndani! Mkeo ajue. Jirani mmoja ajue. Na mtu akikupigia kuomba uhai, mpe hata kama anakutania, kesho utachekwa na maisha yataendelea. Mimi nilichunga gari la baba, halikuondoka kweli. Lipo. Aliyeondoka ni mwingine...

Mtoto tulimwita Veronika. Anapenda kucheza kwenye ile Landrova, anashika usukani anajifanya anakwenda Mpanda. Juzi aliniuliza mama alikufaje. Nikamwambia gari liligoma. Nimemdanganya mtoto, na najua siku itafika ya kumwambia kweli. Nitamwambia gari halikugoma. Nitamwambia siku aliyozaliwa nilimsikia akilia kwenye simu, nikamsikia na mama yake, nikaitambua sauti yake, nikacheka.